Ujumbe wa Sauti kwa Kuku

Tangu pikipiki imwangushe kwenye lami ya Kolwezi, Mukalay alibaki na mwili mzima na kichwa kilichopungukiwa kitu kimoja tu: breki. Zamani, alipokuwa akiendesha gari la kumwagia maji barabara za vumbi kwenye mgodi wa Mashamba, watu walimjua kwa ukimya wake. Sasa lililoingia kichwani lilitokea mdomoni papo hapo, na kama mdomo una shughuli ya kula, lilitokea kwenye kidole gumba. Daktari alieleza kwamba ubongo umeumia sehemu ya mbele, ile inayomwambia mtu ngoja kwanza. Mkewe Henriette alisema maelezo ni mazuri, ila hayamwondolei aibu.

Na aibu ilikuwepo. Jumapili moja Mukalay alimrekodia rafiki yake Ntambwe ujumbe wa sauti, akamweleza kwamba samaki wakavu waliotumwa na mama mkwe kutoka Sandoa wana chumvi ya kumtosha ng'ombe mwaka mzima. Akabonyeza. Ujumbe haukwenda kwa Ntambwe. Ulitua katika kundi la WhatsApp la ukoo wa Henriette, watu thelathini na wanane, akiwemo mama mkwe mwenyewe, Mama Mbelu. Mukalay alipoona wengi wamesikiliza, akafurahi, akaongeza vikatuni vitatu vya kucheka.

Sasa, kwa watu wao wa Katanga, mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe usoni, hali chakula naye, wala hamsemeshi. Katika miaka kumi na tisa ya ndoa, Mukalay alikuwa amemwona Mama Mbelu mgongo tu, na mara moja viatu. Leo ameanza mazungumzo naye kwa kukosoa samaki wake. Ukoo ulimshukia kwa matusi mpaka jioni, na katikati ya matusi hayo Mama Mbelu akajitoa kwenye kundi bila neno. Henriette alipompigia, hakupokea.

Benoît, mjomba wa Henriette, aliamua kama mila inavyotaka: mshenga apeleke kuku wa kuomba msamaha Sandoa. Kuku akanunuliwa, akafungwa mguu karibu na jiko. Lakini mvua zilikuwa zimekata barabara, malori hayaendi, na wiki mbili nzima kuku alikula vizuri kuliko wenye nyumba. Henriette uvumilivu ukamwisha. Akatangaza kwamba mambo yasipotengenea kufikia Jumapili, simu inafungiwa kwenye sanduku, na Mukalay atapewa kasimu ka kubonyeza kasikojua WhatsApp ni nini.

Mukalay aliogopa, tena sana. Simu hiyo ndiyo iliyomkumbusha dawa. Ndani yake mlikuwa na picha za majirani na majina yao chini, maana majina yalikuwa yanamtoka. Humo pia wenzake wa kazini walimwita bado chef, yaani mkuu, kila asubuhi. Bila simu angekuwa mtu wa kukaa uani akingoja chakula.

Jumamosi alikwenda kwenye darasa la Domitille, muuguzi mstaafu aliyewafundisha watu walioumia kichwa kutumia simu bila simu kuwatumia wao. Ntambwe alikuwepo pia, naye ugonjwa wake ulikuwa wa upole: kwa kuwa hakukumbuka amempongeza nani, aliwatakia watu wote heri ya kuzaliwa kila siku, na hakuna aliyelalamika. Domitille alikuwa na sheria mbili. Kabla ya kutuma, taja kwa sauti jina la anayetumiwa. Kisha jiulize kama ungeweza kuyasema maneno hayo umesimama mbele yake.

Mukalay aliinua mkono.

"Mama Domitille, mi nataka kuomba masamaha kwa mama mukwe. Lakini mbele yake siwezi kusimama, hata na maneno ya muzuri. Sasa nitafanya namna gani?"

Domitille akavua miwani. Sheria iliyowafaa watu wengi ilikuwa imegonga ukuta. Akafikiri, kisha akamwuliza: siku moto ukishika jiko, na aliyekaa humo ni mama mkwe peke yake, wao humwonyaje? Mukalay akajibu kwamba unasemesha kitu kilicho karibu, mtoto au mbwa, na mama mkwe anasikia kama kwa bahati.

"Hata kuku?" akauliza Domitille.

"Kuku anaweza."

Jumapili asubuhi Mukalay alichuchumaa mbele ya kuku. Henriette alisimama nyuma yake na ufunguo wa sanduku mkononi. Mukalay akataja kwa sauti, mara mbili, kwamba anamtumia Mama Mbelu, peke yake, si kundi. Akarekodi.

"Wee kuku, sikia. Ukifika Sandoa, uambie benye nyumba ule mutu wa Kolwezi alikosa. Kichwa yake iliumia, maneno inatoka mbele ya kufikiri. Lakini samaki alikula yote, hata bichwa. Eko anaomba masamaha." Hapo breki ikakatika. "Na wee kuku, unanuka."

Akasikiliza tena, kama alivyofundishwa, akataka kufuta. Henriette, aliyekuwa hajacheka kwa wiki mbili, alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema aache hivyo hivyo, kwani aliyetukanwa ni kuku. Ujumbe ukaenda.

Jibu lilifika mchana, nalo la sauti.

"Kuku, na wewe sikia. Wakati ule mutu alikuwa hopitali, mi nililala siku kumi na mbili mu kuluwari, inje ya mulango yake, juu desturi inakataza niingie. Nilikuwa naomba Mungu nisikie sauti yake hata mara moja. Ile siku alisema samaki yangu, nilisikia ile sauti mara kumi. Batoto bangu bakaanza kumutukana, njo maana nilitoka. Sikutaka kusoma ile matusi."

Henriette alikaa chini palepale kwenye vumbi. Mukalay alilia waziwazi, bila hata kugeuza uso, na simu ikaendelea kusema mkononi mwake.

"Umuambie Henriette aachie ule mutu telefone yake. Na wewe kuku, usikuye huku Sandoa. Bakia kwabo, tuko na maneno mingi ya kusema."