Mstari wa Marehemu

Marehemu alifyeka nusu ya uwanja wa nyuma, akalaza fyekeo chini, akaingia ndani kuomba maji. Maji yenyewe hakuyanywa. Mkewe alipogeuka na kikombe mkononi, alimkuta ameegemea ukuta wa jikoni kama mtu aliyepitiwa na usingizi, na roho imekwisha rudi kwa mwenyewe.

Wazikaji walipotawanyika, mjane alitoka nyuma ya nyumba peke yake. Upande wa kisima nyasi zilikuwa fupi, upande wa uzio zinagusa magoti. Katikati ulipita mstari, umenyooka kama pindo la shuka. Hapo ndipo mkono wa mumewe ulipokomea. Akapiga marufuku: mtu asiguse nyasi zile, za huku wala za kule.

"Shemeji," mdogo wa marehemu alimtania, "nyoka wakihamia hapa, utawapikia wewe?"

"Waje. Huenda wakawa na adabu kuliko wewe unayekula bila kunawa."

Shemeji alicheka, kisha kicheko kikamkauka. "Kaka angekuwepo, zisingefika hapa."

"Kaka yako hayupo. Ndiyo maana."

Kila alfajiri, akimaliza sala, mjane alikwenda kuutazama mstari wake. Lakini nyasi hazikai matanga. Zile fupi ziliamka, zikaanza kuwakimbiza wenzao. Chini yake kulikuwa na vimaua vya njano vilivyozoea kutambaa, vimelala bapa juu ya udongo, fyekeo likipita juu ya vichwa vyao bila kuvigusa. Marehemu alivipenda. "Hawa wanajua kuinama," alikuwa akisema, "ndiyo maana wanazeeka."

Sasa kivuli kiliviangukia, navyo vikaanza kujinyoosha kulitafuta jua. Shina likawa refu, jembamba kama uzi wa cherehani. Majani yakapauka, yakaachana mbalimbali. Mvua ziliponyesha, mjane alivifunua kwa vidole akitafuta ua. Hakuna. Nguvu zote zilikwenda kwenye urefu, za kuchanulia hazikubaki.

Na mstari nao ukawa unamponyoka. Kwanza aliuona kwa kimo. Kimo kiliposawazika, akautambua kwa rangi, maana nyasi changa zilikuwa za kijani kibichi zaidi. Rangi nayo ilipofanana, aliinama akapapasa, akisikiliza kwa kiganja wapi laini inakutana na ngumu. Asubuhi moja alipapasa, na kiganja hakikumwambia kitu.

Aliketi palepale, umande ukamlowesha khanga. Alilia kuliko alivyolia siku ya maziko, kwa sababu siku ile watu walikuwa wamemshika. Alidhani anamtunzia mumewe kazi yake, kumbe kwa kuizuia isiguswe ndipo alipokuwa akiifuta, siku baada ya siku, kwa mikono iliyokunjwa.

Mchana alimwita shemeji. "Ninolee fyekeo."

"Lete nikufyekee kabisa. Mikono yako ni ya ungo na sufuria."

"Noa tu, baba. Domo utalinoa siku nyingine."

Alinoa. Mjane alianzia upande wa uzio, kwa mapigo mafupi yasiyolingana, viganja vikimtoka malengelenge. Chini ya nyasi ndefu kulikuwa na godoro la majani makavu, lenye baridi na harufu ya uvundo. Alipolivuta pembeni, hapakuwa na kimaua kilichotambaa tena. Mbele kidogo akakuta mashina machache ya vile vimaua, meupe, yamelala hoi kama wagonjwa waliotolewa nje.

"Vitarudi hivi?" shemeji aliuliza.

"Vyenye mizizi, Mungu akipenda. Vingine vimekwisha kwenda."

Aliendelea mpaka katikati ya uwanja, akasimama, akahema. Alitazama huku na huku.

"Shemeji, hivi kaka yako alikomea wapi?"

"Hapo kwenye jiwe."

"Jiwe gani! Si alikomea usawa wa ule mpapai?"

"Shemeji, mimi nakumbuka jiwe. Lakini…" Alijikuna shingo. "Siwezi kuapa."

Naye mjane hakuweza kuapa. Walisimama wakiangalia nyasi zilizobaki, zote zimefanana, hakuna aliyemcheka mwenziwe. Midomo ya mjane ilicheza kidogo. Alikuwa akimwomba Mungu msamaha kwa kusahau. Kisha akashika mpini, akafyeka pale penye jiwe, akasogea, akafyeka na pale usawa wa mpapai.