Njiwa wa Pilipili

Mama Makorokoro alikuwa na duka la vitu vilivyochokwa na wenyewe: saa zilizokata tamaa, redio zenye kikohozi, picha za harusi za watu wasiojulikana. Alivizoa kwenye nyua za watu wanaohama, akavisugua, akavipandisha cheo, akaviuza. Kimoja tu hakikupata mnunuzi: njiwa wa kauri, kichupa cha pilipili, mwenye vitundu utosini. Ubavu wake mmoja ulikuwa umebonyea, mahali pa mwenzake wa chumvi kuegemea. Peke yake hasimami, ikabidi aegemezwe kwenye kiberiti.

Na alikuwa na tabia mbaya huyo njiwa. Kila alfajiri, usingizi ukishanoga, alikuja kutua kwenye mto na kuuliza, "Umempata?"

"Bado. Lala," Mama Makorokoro humjibu.

Asubuhi moja, uani kwa mwalimu mstaafu aliyekuwa anahama, akamwona. Njiwa wa chumvi, mweupe, amelala ubavu kando ya pasi ya mkaa. Ua mzima ukanyamaza, hata nguo kwenye kamba zikaacha kupepea. Moyo ulimwambia mrukie, lakini biashara ina adabu zake: unachokitaka hukitazami. Ukipenda kikombe, gombania sahani. Akainyanyua pasi.

"Hii pasi au nanga?"

"Pasi nzuri hiyo, mama. Imeninyooshea mashati tangu naanza kazi."

"Ndiyo maana imechoka. Punguza."

Mwalimu hakupunguza. Mama Makorokoro akaenda kujifanya anatazama mikeka, maana mnunuzi asiyeondoka hapunguziwi. Aliporudi, pasi haipo, njiwa hayupo, na wifi yake, dada wa marehemu mumewe, anaishia getini na mfuko mzito.

Mchana akamfuata kwake. Pasi ilikuwa mezani, njiwa kando yake.

"Nilikuona unavyoihangaikia," wifi akasema. "Nikasema nimnunulie wifi yangu. Mwalimu akanipa na hicho kidege cha nyongeza. Hicho changu, nimekipenda."

"Ahsante, wifi. Ila kitakujazia vumbi."

"Nitakifuta."

Mama Makorokoro akazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Akaisifu pasi, akalisifu pazia, akamsifu hata paka. Wifi anamenya chungwa tu, ganda halikatiki. Lilipodondoka, mdomo uliozeeka kwa kuzunguka ukanyooka wenyewe.

"Wifi, namtaka njiwa. Namtaka sana. Mwenzake hanipi usingizi."

Wifi akamtazama, kisha akacheka mpaka chungwa likamponyoka. "Kumbe unajua kusema. Kaka yangu alipokuchumbia, ukamjibu unaipenda baiskeli yake. Mwaka mzima maskini anaisugua baiskeli. Chukua."

Rafuni njiwa wakaegemeana, ubavu kwa ubavu, kiberiti kikakosa kazi. Alfajiri ile hakutua mtu kwenye mto. Mama Makorokoro akabaki macho kwenye ule mwanga wa maziwa, akimfikiria mtu mmoja na baiskeli inayong'aa.

Kulipopambazuka akaingia bwana mmoja mtanashati. Macho yakagusa njiwa, yakaruka upesi, yakatua jirani.

"Hii sahani bei gani, mama?"

Mama Makorokoro akaifuta sahani kwa upindo wa nguo, akamkabidhi.

"Hiyo chukua bure, mwanangu," akasema. "Hao uliokuja kuwaulizia hawauzwi."