Nusu Ampea

Fundi redio alikuwa akijaribu redio ya gari ya mteja pale mumewe, aliyezikwa mwezi uliopita, alipoingia kibandani na kuketi kwenye benchi la wateja. Alikuwa hoi, shingo imemlegea. Mkewe alichomoa kwenye redio nyaya za mashine yake ya kutolea umeme, akazibana kwenye vidole gumba vya mumewe, nyekundu kulia, nyeusi kushoto, kisha akapandisha volti taratibu. Kwenye tano mumewe alifumbua macho. Kwenye kumi na mbili aliuliza kama bomba la jikoni bado linavuja.

"Bado," alisema mkewe.

Tangu hapo akawa anakuja kila alasiri. Majirani walimwamkia, wakaacha pasi zao zitengenezwe, wakaenda zao.

Mdogo wake marehemu alipopata habari, hakuja kumjulia hali kaka yake. Alikuja kuuliza habari za mashine. Aliuliza huku anakula kuku, mafuta yakimchuruzika mpaka kwenye kiwiko.

"Shemeji, hizi swichi mbili za kuzungusha ni za nini?"

"Hii ni ya volti, ndizo zinazousukuma umeme. Hii inaweka kikomo cha ampea, yaani umeme upite kiasi gani. Kitu kikitaka kuvuta zaidi ya kikomo, mashine yenyewe inashusha volti, kisije kikaungua."

"Kaka akitikisa kichwa anavuta ngapi?"

"Nusu ampea."

"Na akisema?"

"Mbili na ushei."

Shemeji akalamba vidole, kimoja baada ya kingine.

Jumapili akarudi na wazee wa ukoo na mama yake mzazi. Kilichowaleta ni nyumba ya marehemu. Wakajibana kwenye benchi, na shemeji mwenyewe akazungusha swichi ya ampea mpaka kwenye nusu.

"Kaka, nyumba ni ya ukoo. Kweli si kweli?"

Marehemu alimtazama mkewe. Akafungua kinywa aseme. Taa ya kijani ya mashine ikazimika, nyekundu ya kikomo ikawaka, volti zikaporomoka hadi tatu, na kichwa chake kikaangukia kifuani.

"Ameitikia," alisema shemeji.

"Tumeona," walisema wazee.

"Hajaitikia! Umembania! Mwongezeeni ampea aseme mwenyewe!" alisema mkewe.

Fundi alinyoosha mkono kwenye mashine. Shemeji akaudaka, kiganja chake kikiteleza kwa jasho.

"Taratibu, shemeji. Utatuunguzia marehemu wetu."

Mama mkwe ndiye aliyekaa karibu na ile taa. Aliitazama, akajitanda mtandio wake vizuri, akauliza kama kuna chai. Wakanywa chai, watu wazima na ndevu zao, marehemu amejiinamia katikati yao, mate yakimdondoka magotini. Mzee mmoja aliusukuma mguu wa marehemu pembeni apate pa kuweka kikombe. Fundi alitoka nje, akatapika mtaroni.

Siku hizi analala nyuma ya kibanda, kwenye chumba cha vyuma chakavu. Mumewe anakuja kama kawaida. Humwekea ampea tatu, naye husema kwa sauti inayofika ng'ambo ya barabara kwamba nyumba ni ya mkewe na kwamba alikataa. Wapita njia humpungia mkono.

Juzi shemeji alipita na fundi wake wa kupaka rangi, wamebeba makopo ya rangi, wanakwenda kwenye ile nyumba. Alisimama, akasikiliza mpaka mwisho.

"Kaka leo sauti imemtoka vizuri," alisema, akahamishia kopo mkono wa pili, wakaendelea na safari.