Mwanamke wa Bodo Asiyejua Kusoma

Twaiba alikuwa mwalimu wa chekechea kule Bodo, na tangu mwaka 1998 alikuwa akiandika visa vya kijijini kwao na kumpelekea rafiki yake Mutheu, mwenye duka la kompyuta Ukunda. Walisoma pamoja sekondari ya bweni, mmoja akilala kitanda cha juu na mwingine cha chini. Wazazi wa Mutheu walikuwa Wakamba waliopewa shamba kwenye skimu ya makazi ya serikali, na Mutheu alikula Idd nyingi kwa kina Twaiba, akimwita mama yake Twaiba mama.

Mutheu alivitafsiri visa hivyo kwa Kiingereza na kuviweka kwenye intaneti. Twaiba hakuwahi kuviona huko. Kila alipokwenda Ukunda, ama laini ya simu ilikuwa imekatika, ama wateja walikuwa wamejaa.

Mwaka uliofuata Mutheu alimwalika kwenye mkutano wa mambo ya intaneti, katika hoteli moja ya Diani.

"Watu wanataka kumwona mwandishi," alimwambia. "Vaa zile leso zako nzuri, utapendeza."

Ukumbini Twaiba hakujua asimame wapi. Watu wa Nairobi walikuwa wakipeana kadi na kuulizana kampuni zao na anwani zao za imeli. Kwenye vibandiko vyao vifuani kuliandikwa vyeo. Chake kilisema Twaiba, Bodo, basi. Bwana mmoja mwenye tai alimwuliza anafanya kazi gani.

"Mimi ninaandika."

"Programu?"

"La, visa."

Yule bwana aliitikia kwa kichwa kwa adabu, kisha akaenda kutafuta chai.

Zamu ya Mutheu ilipofika, taa zilipunguzwa na picha ikatokea ukutani. Ilikuwa picha ya Twaiba mwenyewe, amejitwika kikapu cha pweza cha shangazi yake mvuvi, aliyeitwa Bibi. Walikuwa wameipiga kwa mzaha siku ya Idd, wote wanacheka. Chini yake palikuwa na maneno ya Kiingereza, na Twaiba alitazamia kisa chake cha mtalii aliyemwagiwa wino na pweza mbele ya Bibi. Kisa hicho hakikuwapo. Palikuwa pameandikwa: Mimi sikubahatika kwenda shule. Rafiki yangu Mutheu ananiandikia ninayomsimulia. Wanangu hulala na njaa.

Aliyasoma mara mbili. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Rai, ambaye asubuhi ile alimwacha akila mahamri kwa nyanyake.

"Na leo tunaye hapa," Mutheu alisema kwa Kiingereza. Kisha kwa Kiswahili, kwa sauti laini, "Simama, dada, wakuone."

Twaiba akasimama. Watu wakapiga makofi. Mama mmoja wa Kizungu, aliyeonekana mtu mwema, aliuliza kwa Kiingereza kama angependa kufundishwa kusoma.

Mutheu alimgeukia. "Anauliza kama umefurahi kuja."

Twaiba alimtazama. Mutheu alijua fika kwamba amesikia, kwa maana mtihani wa Kiingereza waliufanya pamoja na Twaiba ndiye aliyempita. Macho ya Mutheu yalikuwa yakimsihi.

"Mwambie nimesikia," Twaiba alisema.

"Anasema atashukuru sana," Mutheu akatafsiri, na makofi yakaanza tena.

Twaiba alitoka nje. Mutheu alimfuata, akamkuta kwenye ujia wa kuelekea jikoni.

"Usinichomee, Twaiba, usiniharibie. Hawa wafadhili hawatoi msaada wa kompyuta kwa sababu ya kisa cha kuchekesha. Zikija, si hata wanafunzi wako watazitumia?"

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Basi."

"Mimi nilikuletea shangazi yangu," Twaiba alisema. "Nilikuletea watu wetu, wanacheka. Ukawafanyaje?"

Mutheu alitazama mlango wa ukumbi. Alikuwa akiitwa. "Tutaongea," alisema, akarudi ndani.

Hawakuongea. Kompyuta zilikuja, zikabaki dukani Ukunda. Twaiba aliacha kupeleka visa, wala nyumbani hakumwambia mtu, kwa sababu kila alipojaribu aliona aibu kana kwamba kosa lilikuwa lake.

Miezi ikapita, hadi jioni moja mumewe Abubakar, karani wa mapokezi katika hoteli nyingine ya Diani, aliporudi nyumbani amenuna.

"Leo mgeni ameniuliza kwetu ni wapi, nikamwambia Bodo. Akasema anamjua Twaiba wa Bodo, amemsoma kwenye intaneti. Nikamwambia huyo ni mke wangu. Akafurahi sana, akaniuliza umefika wapi."

"Nimefika wapi?"

"Na masomo. Anasema mwezi uliopita uliandika kwamba sasa unaweza kuandika jina lako."

Twaiba aliweka chini kibuyu cha maji. "Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia mke wangu ni mwalimu. Akanishika bega, akaniambia nisione haya, kila mtu huanzia mahali."

Ndipo Twaiba alipoketi mkekani na kulia, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mkutano. Abubakar aliketi kando yake akangoja, na alipotulia, Twaiba alimweleza yote, akianzia bwenini.