Chhotubhai na Maua Yasiyolalamika

Chhotubhai alikuwa ameapa kutopiga tena picha ya binadamu. Kwa miaka mingi katika studio yake pale Machakos alivumilia wateja wa kila namna: huyu kafanywa mnene, yule pua si yake, mwingine anadai macho aliyoyafumba mwenyewe. Alipohamia Birmingham na kupata kazi ya karakana huko Tyseley, kamera akaiachia maua. Maua, alisema, hayalalamiki.

Kiapo hicho ndicho kilichomkwamisha Mumbua, binti wa Machakos, majira ya kuchipua ya mwaka 1974. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja kumaliza mafunzo ya uuguzi huko huko Birmingham, na mama yake alikuwa ameagiza arudi nyumbani mara moja. Kisa ni picha. Mpiga picha mmoja mjini, aliyezoea nyuso nyeupe, alimtoa Mumbua masizi matupu, meno na kofia ya unesi vikielea gizani. Mama alipoipokea kwa posta alipiga yowe majirani wakaja mbio. "Mwanangu baridi imemmaliza!" Tangu hapo hakuna maneno yaliyomwingia. Bila picha nyingine yenye uso wa mtu, Mumbua angefunga virago.

Kila alipomwomba Chhotubhai alikataliwa, basi akabadili mbinu. Akajitolea kumbebea vifaa.

Jumamosi jioni wakashuka basi ng'ambo ya Acocks Green, pembezoni mwa mji, wakaingia msituni. Maua ya buluu yenye umbo la kengele yalikuwa yametanda chini ya miti, na jua lilipenya kwa chini kati ya mashina. Chhotubhai akalala kifudifudi, shati nje, akiyabembeleza maua kama wateja wake wa zamani. "Wewe wa mbele, simama sawa. Hapo hapo." Akapiga na kupiga, mpaka akanung'unika kwamba filamu imebakiza picha moja, nayo ni ya mashindano ya klabu yake ya wapiga picha. Akaweka kamera tayari, akalisubiri jua lifike kwenye ua aliloliteua.

Mumbua naye alikuwa akilisubiri jua hilo hilo. Lilipofika, akaenda kuketi katikati ya maua mbele ya lenzi, mgongo kaupinda, kidevu kifuani, miguu huku na huku.

"Toka, mtoto! Klabu inataka maua peke yake!"

"Napumzika kidogo tu, Mzee. Viatu vinanibana."

"Basi pumzika vizuri! Nani alikufundisha kukaa hivyo?"

"Mbona ndivyo ninavyokaa siku zote?"

Chhotubhai akahema. Alijaribu kutazama kando, akashindwa. "Mgongo," alisema. Mumbua akanyoosha mgongo, bega moja akaliacha limelegea makusudi. "Bega hilo! Uso geuza kwa jua. Kidevu juu. Si hivyo, unatafuta ndege? Mkono weka kwenye ua, polepole. Usifumbe macho." Vidole vyake vikazungusha lenzi kuongeza mwanga. Kamera ikalia.

Mumbua akaangua kicheko. Kisha akaona jua limeshaliacha ua la mashindano, kicheko kikamkauka. Aliona haya kweli kweli.

"Nisamehe, Mzee. Nimekuchezea."

"Umenichezea?" Chhotubhai akajipangusa magoti. "Picha yako ya shule nilipiga mimi. Ulikaa umekakamaa kama askari, nikakubembeleza ulegee. Leo mgongo umepinda ghafla, nisijue?"

"Sasa mbona umepiga?"

Chhotubhai aliifungia kwanza kamera kwenye mkoba wake wa ngozi.

"Mama kumlilia mtoto aliye mzima, kwa sababu ya fundi mbovu," alisema hatimaye. "Mimi hiyo siwezi kulala nayo. Kaa hapa umalize masomo yako."

Mumbua akamshukuru. Chhotubhai akamnyooshea mkono.

"Na sasa inuka taratibu. Umeyakalia maua ya watu."