Mteremko wa Mama Cherehani

Barua ya manispaa ilibandikwa mlangoni Jumatatu asubuhi: vichaka vya nyuma ya nyumba vifyekwe ndani ya siku saba, la sivyo nyumba itahesabiwa kuwa hatari kwa makazi. Mwenye nyumba, mshonaji mjane ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Cherehani, aliisoma mara mbili.

Nyuma ya jiko lake ardhi ilishuka wima mpaka barabarani. Tangu mumewe afariki, miaka minne sasa, hakuna aliyeugusa mteremko ule. Miiba ilikuwa imepita kimo cha mtu, na kiangazi kiliikausha ikawa njiti tupu.

Shemeji yake alifika kabla chai haijapoa.

"Si nilikwambia? Nyumba hii imekushinda. Uza, uende kwa binti yako ukapumzike."

"Nimechoka wapi hata nipumzike?"

"Una miaka sitini na moja, shemeji. Ule si uwanja, ni ukuta."

"Basi nitaufyeka ukuta."

Jumatano shemeji alirudi na galoni la mafuta ya taa, akapitia barabarani ili aanzie chini. Mama Cherehani alimwona kutoka dirisha la jiko. Hakupiga kelele. Alishuka ngazi za pembeni, akaketi kwenye nyasi kavu mbele ya galoni, akakunja mikono.

"Washa," alisema.

"Acha mzaha. Nusu saa tu, kazi kwisha."

"Moto haushuki mlima, unapanda. Ukiuwasha hapa, utafika jikoni kwangu kabla yako. Kama unataka nyumba isiwepo, washa na mimi nimo."

Wapita njia wawili wakasimama kutazama. Shemeji akabeba galoni lake, akaondoka akinung'unika kwamba mwanamke mkaidi hazeeki, anakomaa tu.

Jioni binti yake, fundi umeme, alikuja na kofia ngumu, buti na mkanda wake wa kupandia nguzo. Naye alikuwa na lake.

"Mama, tuite vibarua wang'oe kila kitu."

"Wang'oe? Mizizi ndiyo inayoshika udongo. Mvua ya kwanza tu, tutaiokota nyumba barabarani. Tunakata, hatung'oi. Lete huo mkanda."

"Mimi ndiye ninayejua kupanda!"

"Na mimi ndiye ninayejua kukata."

Walianza alfajiri, jua likiwa bado halijawa kali. Mama Cherehani alivaa mkanda, kamba yake ikafungwa kwenye nguzo ya zege karibu na jiko, binti akaisimamia, akimwachia mama yake kidogo kidogo. Mama Cherehani alichokoza kila kichaka kwa fimbo ndefu kwanza, maana nyoka na nyigu hawapigi hodi. Kisha alikata akienda upande, mstari baada ya mstari, akiacha visiki vya urefu wa kiganja. Hakuna aliyeruhusiwa kusimama chini yake.

Siku ya pili jiwe alilolikanyaga liling'oka. Aliteleza, panga likamponyoka, likaporomoka mpaka barabarani. Kamba ikakaza, naye akabaki ananing'inia, goti limechubuka. Kwa mara ya kwanza aliogopa kweli.

"Mama, nakuvuta!" binti alipiga kelele.

"Usinivute! Shika tu!"

Ng'ambo ya barabara, miongoni mwa watazamaji, shemeji alikuwa ameshika kichwa. "Toka huko, utakufa!"

Mama Cherehani alitafuta kisiki, akakikanyaga, akasimama. Alingoja pumzi irudi.

"Shemeji," aliita, "maadamu umesimama bure, nipandishie panga langu. Kwa ngazi, tafadhali."

Watu wakacheka. Shemeji alisita, kisha akaliokota. Alipolifikisha juu, hakuondoka. Alishika mkia wa kamba nyuma ya binti, akabaki hapo mpaka saa sita. Kesho yake alirudi, na keshokutwa pia, akawa anabeba matawi yaliyokatwa na kuyarundika mbali na nyumba.

Jumatatu ofisa wa manispaa alikuja, akachungulia mteremko akiwa ukingoni.

"Mbona visiki vimebaki?"

"Barua yako imesema kufyeka, nimefyeka," alijibu Mama Cherehani. "Kama unataka kuung'oa na mteremko wenyewe, andika nyingine."

Ofisa alitazama visiki, akautazama udongo uliotulia chini yake, akatia sahihi kwamba agizo limetimizwa.

Shemeji alikohoa. "Hata hivyo, mwakani vitaota tena."

"Viote," alisema Mama Cherehani. "Mimi nipo."

Habari ya kuuza nyumba haikutajwa tena.