Chupa za Uvunguni

"Mama, hii ya thelathini na moja!" Binti alikuwa amepiga magoti, mkono mzima uvunguni mwa kitanda. "Na hakuna hata moja iliyofunguliwa. Unamnunulia nani?"

Mama Pasi hakugeuka. Mtaa mzima ulimpelekea nguo zake azipige pasi, na sasa alikuwa kwenye kola. Kola haitaki maneno mengi. Alichovya vidole bakulini, akanyunyiza, akakandamiza.

Daktari alisema mgonjwa anywe maji ya chupa tu, basi miaka miwili alimnunulia mumewe chupa moja kila asubuhi. Chupa tupu zilijaa hadi jikoni. Chache mzee alizitoboa vifuniko, mkewe azitumie kunyunyizia nguo. Ya mwisho ilipasuka wiki aliyozikwa, mwezi uliopita.

"Miguu inajiendea tu dukani," alisema hatimaye. "Na muuza duka hanisemi. Mazishini alikuwepo."

"Baba angekucheka. Angesema mke wangu kafungua duka uvunguni."

Mama Pasi alijua hapo ndipo pa kucheka, au pa kulia. Hakuweza lolote. Moyo ulikuwa kama pasi iliyopoa: mzito, na hauunguzi kitu.

Binti akaiweka mezani ndoo ya chujio aliyoileta, yenye bomba lake. "Utakunywa maji ya bomba, yakishachujwa humu. Plastiki basi, mama yangu. Tumechoka kuzitupa."

"Nikiacha kununua, basi amekufa."

Binti akazivuta chupa zote kutoka uvunguni. Alifungua chupa ya kwanza, akaimimina ndooni. Mama akaja, akafungua ya pili. Ndoo ilipojaa wakahamia kwenye masufuria, kisha kwenye beseni. Binti akamkingia kikombe, naye akanywa chote.

"Yakoje?"

"Maji tu."

Kesho yake miguu ikajiendea. Muuza duka akamnyooshea chupa kama kawaida.

"Rudisha, baba. Nyumbani yapo."

Alirudi akachukua chupa moja tupu aliyoificha binti asiione, akapasha moto sindano nene, akatoboa kifuniko, kisha chupa akaijaza maji ya ndooni. Akalitandika mezani shati la mumewe, lile lililokuwa bado msumarini, akaminya chupa.

Mzee alikuwa akitoboa matundu yaliyonyooka. Haya yake yalikwenda mshazari, na maji yakamrukia usoni. Hakuyafuta. Akageuza kola, akaanza kupiga pasi.